Kilele cha Mnazi Hakionekani Ukiwa Chini

Pale Bungu, mkoani Pwani, nilipokulia, mwenye shamba la minazi hakumwita kijana yeyote tu mwenye nguvu. Alikuwa na mkwezi wake, anayeijua minazi yake mmoja mmoja: upi unazaa sana, upi umeinama kupita kiasi, upi una nyigu. Mjomba wangu alikuwa mkwezi wa namna hiyo. Kazi zake zilianzia Bungu na Jaribu, zikashuka Kibiti hadi Nyamisati, na mara nyingine alivuka kwa mtumbwi kuingia delta ya mto Rufiji, kwenye vijiji ambako minazi imesimama hatua chache tu nyuma ya mikoko. Safari za huko zilifuata maji. Tulingoja yajae ndipo mtumbwi upite vijitoni, na kazi ikichelewa maji yakapwa, tulilala hukohuko.

Malipo yalikuwa nazi zenyewe, idadi fulani kwa kila mti, na kila mtu aliridhika. Kina mama walikuja kuchukua makuti ya kusuka, watoto tukakusanya vilifu na makarara ya kuwashia moto. Ilipofika jioni hakikubaki kitu chini ya mnazi isipokuwa mchanga.

Vyombo vya Mjomba vilikuwa vichache: panga alilolichomeka kwenye mshipi mgongoni, kamba ya usumba, na kipande cha waya mgumu chenye ndoana nchani. Kabla ya kukwea aliuzunguka mti. Alitazama vidaka vilivyopukutika, akavigeuzageuza mkononi. Aliyaangalia makuti, kama kuna yaliyokatika kwa umbo la pembetatu, maana hiyo ndiyo alama ya chonga, yule mbawakavu mweusi mwenye pembe anayetoboa kilele. Aligonga gogo kwa mgongo wa panga, akasikiliza. Ilitokea akasema, "Huu haukweleki, mwanangu," tukaondoka, na mwenye shamba hakubisha.

Minazi mingi ya kwetu ilikuwa na vidato vilivyochongwa kwa panga, kimoja kushoto, kimoja kulia, toka chini hadi juu. Mjomba alivitumia akivikuta lakini hakuchonga vipya. Kidato kinashika maji ya mvua, alisema, maji yanaozesha gogo, na wadudu hupata mlango. Yeye alipenda kamba ya miguu. Aliizungusha kwenye nyayo, akaubana mnazi katikati, akaukumbatia kwa mikono iliyonyooka, akavuta magoti, akasimama juu ya kamba, akapeleka tena mikono juu. Kifua hakikugusa gogo. Anayebandika kifua kwenye mnazi hushuka amechubuka, tena huchoka kabla hajafika nusu, kwa sababu uzito wake ameuweka mikononi badala ya miguuni. Na mnazi wetu mrefu wa Afrika Mashariki hufika mita 20 na zaidi. Hapo mikono peke yake haimfikishi mtu.

Kazi kubwa ya akili ilianzia juu. Mnazi wenye afya hutoa kuti jipya na karara jipya karibu kila mwezi, na nazi huchukua takriban mwaka mzima kukomaa. Kwa hiyo mkwezi akifika kileleni anayakuta makole ya kila umri pamoja: vidaka, vitale, madafu, makoroma na nazi. Hushika kuti bichi, tena karibu kabisa na gogo. Kuti lililoanza kukauka huachia ghafla bila kutoa mlio. Nazi iliyokomaa Mjomba aliipopotoa na kuiachia ianguke, baada ya kupiga kelele mara mbili ili watu wasogee. Kisha alifanya kazi ambayo hakuna aliyemlipia. Alikata makuti makavu, akatoa makarara yaliyooza, na palipokuwa na tundu la chonga aliingiza waya wake taratibu, akauzungusha, akamtoa mdudu amechomwa ndoana. Akishuka alitoa taarifa kwa mwenye shamba: mti huu una afya, ule una chonga, ule wa pembeni maua yake yameanza kuwa meusi.

Hayo maua meusi ndiyo yaliyobadilisha mambo. Ugonjwa wa kunyong'onyea umeua minazi mingi mno katika pwani ya Tanzania. Unaletwa na kimelea kidogo sana kiitwacho fitoplasma, kinachoishi ndani ya mishipa ya mti. Vidaka hupukutika, maua huwa meusi, makuti huwa manjano kuanzia ya chini, mwisho kilele chote huanguka na gogo linabaki limesimama peke yake. Ndani ya miezi michache mti umekwisha, na dawa ya kuuponya haipo. Serikali ilianzisha mradi wa taifa wa kuendeleza minazi mwaka 1979 kwa msaada wa Ujerumani, na kazi hiyo baadaye ikarithiwa na kituo cha utafiti wa kilimo cha Mikocheni. Ushauri kwa mkulima ni kuukata mti mgonjwa mapema na kupanda mwingine. Lakini dalili nyingi za mwanzo ziko juu. Aliye chini huona makuti ya manjano, na wakati huo mkulima amekwisha kuchelewa. Mkwezi aliyeona karara jeusi ndiye aliyekuwa na habari ya kufaa, na habari hiyo haikuandikwa popote.

Barabara nayo ilileta yake. Daraja la Mkapa kwenye mto Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003, na lami ikaendelea kuunganisha vipande, malori yakawa yanapita kwetu mchana na usiku, na Dar es Salaam ikawa inataka madafu. Dafu linadai ufundi tofauti. Likianguka linapasuka, basi hulipopotoi wala huliachii. Unafunga kole zima kwa kamba, unapitisha kamba hiyo juu ya shina la kuti imara, unalikata kole huku mwenzako chini ameshika uzito, kisha mnaliteremsha polepole mpaka litue mchangani. Ni kazi nzuri kuitazama. Malipo yakawa fedha taslimu, na vijana wengi waliingia. Tatizo ni kwamba mnunuzi wa madafu ana haraka. Anataka lori lijae kabla ya jua kuwa kali, na muda wa kusafisha kilele na kumtafuta chonga hakuna anayeununua. Mwaka 2017, wakati wa mauaji yaliyoitikisa Kibiti, pikipiki zilipopigwa marufuku usiku, biashara ya alfajiri ilikwama na baadhi ya vijana wakaacha kazi moja kwa moja. Wengi wao sikuwaona tena wamefunga kamba miguuni.

Mimi nilihamia kwenye mikorosho, na huko nako nilikuta mti unaoumwa. Tanzania ilivuna korosho tani zipatazo 145,000 msimu wa 1973/74. Ilipofika 1986/87 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000, kwa mashamba kuachwa na kwa ugonjwa wa ubwiriunga. Watafiti wa kituo cha Naliendele, Mtwara, walitufikishia dawa ya salfa, na pia njia ya kubebesha. Mkorosho uliochoka unaukata, kisiki kinachipua, unabakiza machipukizi machache yenye nguvu, kisha unaunganisha kikonyo kilichotoka kwenye mti bora na kukifunga kwa nailoni. Mkato wa kisiki unauinamisha ili mvua isituame. Tawi nene la kupogoa unalikata kidogo kwa chini kwanza, ndipo unalimalizia kwa juu, lisije likashuka na ganda la mti mzima. Nilipofundishwa haya nilimkumbuka Mjomba na chuki yake kwa vidato. Kanuni ilikuwa ileile: jeraha la mti lisishike maji.

Siku hizi kuna msumeno wa mnyororo, chenso kama vijana wanavyouita. Unaokoa muda na siupingi. Magogo ya minazi iliyokufa, ambayo zamani yaliozea shambani, leo yanapasuliwa mbao. Lakini nimewaona vijana wanaopanda juu ya mwembe na chenso inayonguruma mkononi, bila kamba wala mkanda, wamesimama kwenye tawi lilelile wanalolikata. Mmoja niliyemfahamu alianguka akavunjika nyonga. Mwenye shamba alitoa nauli ya kumfikisha hospitali, ikawa ndiyo fidia yake. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanza kazi mwaka 2015 unachangiwa na waajiri kwa ajili ya walioajiriwa. Anayelipwa kwa mti mmoja mmoja hana mwajiri wa kumchangia.

Wenzetu wa Kerala, India, walifikia hatua hii kabla yetu. Wakwezi walikuwa wanaisha na nazi zinakaukia juu. Mwaka 2011 bodi yao ya minazi ilianza kuwafundisha vijana, wanawake wakiwemo, kukwea kwa kifaa cha chuma chenye vikanyagio viwili na waya unaoubana mti, pia kusafisha kilele na kutambua magonjwa. Waliohitimu walikatiwa bima ya ajali. Kifaa hicho hakichongi kidato hata kimoja. Hakuna katika hayo jambo linaloishinda halmashauri moja yenye minazi.

Kibiti imekuwa wilaya inayojitegemea, ina maofisa ugani wake na vyama vyake vya ushirika vinavyokata makato kwenye korosho. Naomba sehemu ndogo ya fedha hizo inunue mikanda, kamba na vifaa vya kukwelea, na iwalipie bima wanaokwea. Nawe mwenye minazi, unapopatana bei na mkwezi, mlipe pia kazi ya kusafisha kilele, na akishuka muulize ameona nini. Wakwezi wazee bado wapo Bungu na Nyamisati. Wapeni vijana wa kuwafundisha sasa, wakati bado wana nguvu za kusimama chini ya mti na kuelekeza.