Kopo la Manjano na Picha za Houston

Wadau, jina simtaji. Yule dada wa hapa Arusha mwenye wafuasi kibao Insta, wa makopo ya manjano, nyie wenyewe mnamjua. Alipost skrinshoti ya utafiti wa Marekani: manjano yanaua seli za saratani, "sayansi imethibitisha". Watu wakamwaga moyo. Wiki hiyohiyo kopo likaingia nyumbani kwetu Sekei, elfu arobaini, la mama mdogo.

Mama mdogo alikuwa na uvimbe kwenye titi na tarehe ya KCMC mkononi. Akaniambia, "Mwanangu, ngoja nimalize hili kopo kwanza, ndiyo niende Moshi."

Mimi nimesoma mambo ya maabara. Nikachukua kichwa cha ule utafiti, nikakitafuta. Ukafunguka na neno moja jekundu limekatiza kurasa zote: umeondolewa. Yaani jarida lililouchapisha limeukana lenyewe.

Ni kazi ya profesa Bharat Aggarwal, aliyekuwa kituo cha saratani cha MD Anderson, Houston. Huyu ndiye aliyeifanya manjano iwe staa wa maabara. Malalamiko kuhusu picha kwenye tafiti zake yakaanza, kituo kikachunguza, na mwaka 2016 jarida la Biochemical Pharmacology likaondoa tafiti zake 7 kwa mkupuo. Ukijumlisha na majarida mengine, zimeshavuka 20.

Picha gani? Sio za kopo, tulia. Seli zinawekewa dawa, proteini zake zinatolewa na kusukumwa kwa umeme ndani ya jeli, mwisho unapata picha ya vimistari vyeusi. Mstari mnene, proteini ipo nyingi. Umefifia, imepungua. Ushahidi wote kwamba dawa imefanya kazi umekaa kwenye kimstari kama punje ya mchele. Sasa ukikuta kimstari kilekile kwenye jaribio lingine kabisa, kimegeuzwa tu kama selfi, ujue jaribio mojawapo halina picha yake.

Na sio Houston tu. Elisabeth Bik, mama wa Kiholanzi mwenye macho ya tai, alikagua tafiti 20,621 picha kwa picha, akatoa majibu 2016 na wenzake: karibu 4 kwenye kila 100 zilikuwa na picha zilizojirudia kwa namna isiyoeleweka. Halafu mtu anakuambia "nimeona kwa macho yangu".

Nikamtumia yule dada linki, kwa adabu kabisa, na shikamoo juu. Akajibu: "Wivu tu, dawa za Mungu haziondolewi." Akaniblock.

Hapo ndipo watu wanapochanganya. Hakuna aliyesema manjano ni sumu, mchuzi uendelee. Kilichoondolewa ni ushahidi. Na hata ukiziacha hizo picha, mwaka 2017 wanakemia walipitia habari za majaribio zaidi ya 120 ya kiini cha manjano kwa wagonjwa, wakasema hakuna hata moja lenye kipimo kikali lililofaulu. Kiini chenyewe mwili unakinyonya kidogo mno.

Mimi sina vita na miti shamba. Supu yenye kiloriti nakunywa, babu zetu hawakuwa wajinga. Ila Arusha hii ndiyo ilikuwa njia ya magari ya Loliondo 2011, kikombe shilingi 500, na kuna watu walirudi kutoka Samunge wakaacha dawa zao za hospitali. Tuliwaona. Angalau Babu hakuwa na skrinshoti.

Kwa mama mdogo sikuhubiri. Nilimwonyesha picha mbili kwenye simu, moja nikaipindua, nikamuuliza tofauti iko wapi. Akaangalia, akacheka, "Si ni ileile, wameigeuza tu?" Kisha akanyamaza muda mrefu.

Jumatatu tulipanda basi la Moshi alfajiri. Kipande cha uvimbe kimeshachukuliwa, majibu bado. Kopo liko kabatini, nusu. Amesema tusilitupe mpaka majibu yatoke, na mimi nimeliacha.