Barua kutoka Uingereza: Mashine Nayo Itajwe

Kwa jamaa wa Kanyakine, Imenti, Meru, Kenya,

Huku Uingereza, mwanafunzi wa sekondari akitumia ChatGPT katika kazi inayohesabiwa kwenye mtihani, sharti aseme. JCQ, chombo kinachounganisha mabaraza ya mitihani, kinamtaka ataje programu na tarehe, ahifadhi maswali aliyoiuliza na majibu iliyompa, kwa mfano kwa picha ya skrini, kisha aeleze kwa ufupi aliyatumiaje. Hata akitaja, alama atapata kwa kile alichokifanya mwenyewe tu.

Vyuoni mambo hayajanyooka hivyo. Mwaka 2023, mwongozo wa APA, unaopendwa na wanasaikolojia, ulielekeza kampuni ya OpenAI, iliyounda ChatGPT, iandikwe kama mwandishi. MLA, wa watu wa fasihi, ukakataa: mashine si mwandishi, rejeleo lianze na swali lililoulizwa. Jarida la Nature lilikuwa limeshasema Januari mwaka huo kwamba ChatGPT haiwezi kuwa mwandishi wa makala, kwa kuwa haiwezi kuwajibika kwa yaliyoandikwa.

Kijana wa Imenti anayefika huku kutoka shule ya bweni isiyoruhusu simu hukutana na kanuni hizi kwa mara ya kwanza. Naye ana sababu ya ziada ya kuzishika.

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipitisha insha 91 za mtihani wa Kiingereza wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, katika programu saba za kunasa maandishi ya akili unde. Kwa wastani, zaidi ya nusu zilidaiwa kuwa za mashine. OpenAI yenyewe iliondoa kinasa chake Julai mwaka huo kwa kukosa usahihi, na mwezi uliofuata Chuo Kikuu cha Vanderbilt kikazima kile cha Turnitin, programu ya kukagua kazi za wanafunzi. Basi aliyejifunza Kiingereza baada ya Kimeru na Kiswahili anaweza kushukiwa bila kosa. Akiitwa mbele ya kamati ya chuo, rasimu zake na maswali aliyohifadhi ndiyo mashahidi wake.

Wakenya wana historia yao katika suala hili la nani atajwe. Filamu ya The Shadow Scholars ya 2024 inamfuata Profesa Patricia Kingori wa Oxford, mzaliwa wa Kenya, akikutana na vijana wa Kenya walioandikia wanafunzi wa ng'ambo insha kwa malipo, majina yao yasitajwe popote. England ilipiga marufuku biashara hiyo mwaka 2022. Januari 2023, jarida la TIME likafichua kwamba wafanyakazi wa Nairobi walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kuchambua maandishi machafu ili ChatGPT isiyatapike. Nao hawana nafasi katika rejeleo lolote.

Walimu wa Kanyakine hawana haja ya kungoja mwongozo mnene. Mistari minne chini ya mradi wa mwanafunzi inatosha kuanzia: programu gani, lini, iliulizwa nini, naye alibadilisha nini.

Wasalaam.