Kompyuta Yangu na Haraka Yangu

Leo nataka kuwaeleza kosa langu mwenyewe, wapate kujifunza wale wanaotamani kuongeza mwendo wa kompyuta zao. Sioni haya kulisimulia, kwa maana aliyejikwaa ndiye ajuaye jiwe lilipo.

Kazi yangu ni kupiga filamu za harusi na kuzitengeneza nyumbani. Mtaani kwetu umeme haukai siku nzima. Filamu ya saa moja ilihitaji saa nne za kazi ya mashine, na mara nyingi umeme ulikatika kabla haijaisha, ikanilazimu kuanza tena. Basi naliposikia ya kwamba prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, yaweza kuharakishwa bila kununua nyingine, nalifurahi kama mtu aliyeokota fedha njiani.

Ni kweli, yawezekana. Prosesa hufanya kazi kwa mapigo, kama wapiga makasia wanaofuata ngoma. Mwenye kiwanda hauandiki mwendo wa mwisho kabisa, bali mwendo ambao ana hakika kwamba kila prosesa ya namna ile itauweza, hata penye joto. Hivyo hubaki akiba kidogo. Mwaka 1998 kampuni ya Intel iliuza prosesa iitwayo Celeron 300A, ya megahezi 300. Watu wengi waliipeleka hadi 450, nayo ikafanya kazi vizuri. Tangu hapo wengi wamejaribu bahati yao, lakini si kila prosesa hutoa akiba kama ile.

Yangu ni Ryzen 5 1600 ya kampuni ya AMD, iliyotolewa mwaka 2017. Viini vyake sita vikifanya kazi pamoja, mwendo wake ni gigahezi 3.4 hivi. Hesabu yake ni nyepesi: pigo la msingi ni megahezi 100, nalo huzidishwa mara 34. Nalisikia kwamba wengine wamefika 40. Usiku mmoja nalifungua ukurasa wa matengenezo uitwao BIOS, nikaandika 40 kwa mara moja, nikapandisha na volti toka 1.2 hivi mpaka 1.4. Kompyuta ikawaka. Mama watoto akaniuliza, “Baba watoto, mbona feni inalia kama pikipiki ipandayo mlima?” Nalimjibu kwamba hiyo ndiyo sauti ya maendeleo.

Filamu iliisha mapema. Nalitazama mwanzo na mwisho, nikaona safi. Kwa kuwa nafasi ilikuwa haba, nalifuta picha za asili katika kadi na katika kompyuta, nipate kupiga harusi nyingine. Siku tatu baadaye wenye harusi walirudi. Katikati ya filamu, pale babu wa bibi arusi alipowapa maharusi wosia, picha ilijaa miraba ya kijani, na sauti ikapotea dakika 3 nzima. Mzee alikuwa amekwisha kufariki juma lile lile. Nalitaka kuwarudishia fedha zao. Bibi arusi akasema kwa upole, “Baba, fedha utazirudisha. Sauti ya babu utaitoa wapi?” Sikuwa na jibu, na hata leo sina.

Nalimwita mpwa wangu, ajuaye mambo haya. Akaniambia, “Mjomba, kompyuta ikizimika ghafula, shukuru, maana imekuonya. Mbaya ni ile inayoendelea na kazi huku ikikosea hesabu, nawe hujui.” Akanionyesha kosa langu kwa kalamu. Joto huongezeka kwa kadiri ya mwendo, lakini kwa volti huongezeka kwa kipeo cha pili chake. Kutoka 3.4 hadi 4.0 nalipata mwendo zaidi kwa asilimia 18 tu. Joto nalo, pamoja na volti zile, liliongezeka kwa asilimia 60 hivi. Nalinunua kidogo kwa bei kubwa.

Basi twalianza upya, taratibu. Kwanza twalirudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani, tukapangusa vumbi katika feni. Twalipima joto mashine ikiwa imepumzika, kisha ikiwa kazini. Halafu twaliongeza kizidisho kwa moja tu, 35, bila kugusa volti. Kila hatua twaliijaribu kwa programu iitwayo Prime95, ambayo hutafuta namba tasa kubwa na kujichunguza kama imekosea hesabu. Matokeo yote twaliyaandika katika daftari: mwendo, volti, joto, saa. Mpwa wangu alitoa amri mbili: tusibadili mambo mawili kwa wakati mmoja, wala joto lisipite nyuzi 80. Katika 36 hapakuwa na kosa. Katika 37 hapakuwa na kosa. Katika 38, baada ya dakika 20, programu ilionyesha kosa. Twalirudi 37, tukaiacha ijaribiwe usiku kucha katika nyumba ya rafiki mwenye umeme wa kudumu. Asubuhi ilikuwa bado salama.

Faida ni nini? Asilimia 9 hivi. Filamu iliyohitaji saa nne sasa huisha dakika 20 mapema. Si ajabu kubwa, lakini kwa mtu anayeshindana na kukatika kwa umeme, dakika 20 si kitu cha kudharau.

Ninyi mnaotaka kuanza, jueni kwanza kama mashine yenu huruhusu. Prosesa za Ryzen karibu zote huruhusu, mradi ubao wake uwe wa aina ifaayo. Za Intel ni hasa zile zenye herufi K. Kompyuta ndogo ya kubebwa iacheni ilivyo, kwa sababu haina nafasi ya kupoza joto. Prosesa mpya za leo hujiongeza mwendo zenyewe, zikabakiza akiba ndogo tu. Na fahamuni ya kwamba kwa kawaida dhamana ya kiwanda hailipi madhara ya kazi hii.

Wahenga walisema, mbio za sakafuni huishia ukingoni. Daftari lile bado liko mezani pangu. Katika ukurasa wake wa kwanza nimeandika sheria moja isiyohusu volti wala mapigo: sifuti picha ya mtu kabla sijaitazama filamu yote, toka mwanzo hadi mwisho, hata ikinichukua muda mrefu kuliko dakika zote nilizozipata.