Kuchuja na Kutuama

Hapa Kizuka, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, hakuna asiyejua kwamba chepesi huelea na kizito huzama. Twaliona hilo kila tupikapo mawese: mafuta hupanda juu yakaenguliwa, maji na makapi yakabaki chini. Lakini elimu hiyo tuliisahau siku tulipotaka kuitakasa pombe ya ndizi, ambayo kwa Kirundi huitwa urwarwa. Ndugu wasomaji wasiotumia kileo watatuwia radhi. Kisa chenyewe kina somo la lugha ndani yake.

Tulikuwa tukingoja wageni wa posa ya dada yetu. Walikuwa watu wa Bujumbura, waliozoea bia ya chupa ing'aayo. Tukaona haya kuwaandalia kinywaji chenye ukungu.

Ndizi zilikuwa zimevundikwa shimoni zikaiva, zikamenywa, zikakandwa pamoja na nyasi, kwani nyasi hushika nyama ya tunda na kuyaachia maji yake yatoke. Maji hayo yakachujwa, yakaongezwa maji ya kawaida na unga wa mtama uliokaangwa, yakagawanywa katika vyungu viwili ili yachachuke.

Siku ya pili pupa ikatushika. Chungu cha kwanza tulikichuja kwa kitambaa mara tatu. Kitambaa kilizuia makapi tu. Unga laini na hamira vilipita. Zaidi ya hayo, kila tulipomimina tuliikoroga pombe upya na kuipa hewa. Kesho yake ilikuwa na ukungu ule ule, tena inanuka siki.

Bibi yetu, aliyekuwa akitutazama kimya, akasema: “Wajukuu zangu, mmeisumbua mno. Hiyo nyingine iacheni ilale.”

Chungu cha pili tukakiweka kivulini na kukizungushia matambara yaliyoloweshwa maji, kwa maana ubaridi huituliza hamira ikazama. Asubuhi tukaengua povu, tukamimina polepole bila kukitikisa chungu, tukayaacha mashapo yote chini. Haikung'aa kama bia ya Brarudi, kiwanda kilichoanzishwa Bujumbura mwaka 1955, ambacho kina mitambo ya kupozea na kuchujia. Lakini ilitakata kuliko tulivyotazamia.

Walimu wenzetu, hapo ndipo tulipoielewa vema sarufi tunayoifundisha. Kuchuja kuna mtenda: ni kazi ya mkono. Kutuama hakuna mtenda. Ni kitenzi “tua” kilichopewa kiambishi -am-, kama “ficha” inavyozaa “fichama” na “funga” ikazaa “fungama”. Hutaja hali ambayo kitu hujikalia chenyewe. Tangu siku hiyo hatuwafundishi wanafunzi wetu kauli hiyo kwa ubao peke yake. Twaweka mbele yao bilauri ya maji yenye udongo, tukawaambia wasiiguse hadi mwisho wa kipindi.

Na wageni je? Mzee wao alionja, akaisifu, kisha akainama na kutuuliza kwa sauti ya chini: “Hii angavu ni nzuri, wanangu. Lakini hamkubakiza ile nzito ya nyumbani? Ya kung'aa tunayo mjini kila siku.”

Bibi akacheka, akaenda kuyakoroga mashapo.