Maduara Matatu ya Bikari

Paul Wessel, profesa wa jiofizikia katika Chuo Kikuu cha Hawaii, alifariki mwaka 2024. Ramani zilizochorwa kwa programu yake ya GMT zimejaa katika majarida ya sayansi za dunia, lakini wengi wa vijana wanaoitumia hawakuwahi kujiuliza ni nani aliyeitunga. Yeye na Walter Smith waliianza mwishoni mwa miaka ya 1980 wakiwa bado wanafunzi katika kituo cha utafiti cha Lamont, jimbo la New York, wakaitoa bure. Anayeitumia huandika amri, mstari baada ya mstari, na mistari hiyo ikihifadhiwa, mtu mwingine anaweza kuichora tena ramani ileile baada ya miaka mingi, au kuonyesha ilipokosewa. Urithi wa kizazi kile ni huo: kasi, pamoja na hesabu inayosomeka. Hofu yangu ni kwamba tumeipokea kasi na kuiacha hesabu.

Tutazame jinsi kitovu cha tetemeko la ardhi kilivyokuwa kikitafutwa kabla ya kompyuta kuingia darasani. Mwanafunzi alipewa karatasi tatu za seismografu, kila moja kutoka kituo chake. Kwanza alitafuta mahali mawimbi ya P, yale ya kasi, yalipoanzia, halafu mahali mawimbi ya S yalipofuatia. P huonekana kwa urahisi. S hujificha ndani ya mtikisiko ulioachwa na P, na ilikuwa nadra wanafunzi wawili kuiweka mahali pamoja. Tofauti ya sekunde ilipimwa kwa rula, na kwa matetemeko ya karibu ikazidishwa kwa nane ili kupata kilomita: sekunde 25 ni kilomita 200 hivi. Hapo ndipo bikari iliposhikwa. Duara la kwanza lilizunguka kituo cha kwanza, la pili likalikata mahali pawili, na la tatu likatarajiwa kuamua kati ya hapo pawili. Lakini halikupita penyewe hasa. Maduara matatu yaliacha katikati pembetatu, pengine ndogo, pengine ya kumeza wilaya nzima, na mwalimu aliyeijua kazi yake alisimama hapo na kuuliza sababu. Tetemeko halikutokea juu ya ardhi bali chini yake, na bikari haijui kina. Miamba ya upande mmoja hupitisha mawimbi upesi kuliko ya upande wa pili. S ilisomwa kwa kukisia. Hata ncha ya penseli ina unene wake, na kwenye ramani ya nchi unene huo ni kilomita kadhaa. Pembetatu ile ilikuwa somo zima kuhusu vipimo na mashaka yake, na mwanafunzi aliichora kwa mkono wake mwenyewe, hawezi kusema hakuiona.

Njia bora zaidi ilijulikana tangu mwaka 1910, Ludwig Geiger wa Göttingen alipoieleza: kisia mahali, kina na saa ya tetemeko, piga hesabu mawimbi yangefika lini katika kila kituo, linganisha na saa yalipofika kweli, kisha rekebisha makisio ili jumla ya miraba ya tofauti hizo iwe ndogo iwezekanavyo, na urudie. Njia ni safi, lakini kwa mkono ni mateso, kwa kuwa kila mzunguko unadai kutafuta majibu ya milinganyo yenye mambo manne yasiyojulikana. Ilibidi isubiri. Bruce Bolt alichapisha mwaka 1960 namna ya kuifanya kwa kompyuta, na baada ya hapo hesabu ikahamia kwenye lugha ya Fortran na kadi za kutobolewa, ambapo koma moja ikikosewa mzigo wote hurudi kesho yake bila jibu. Mtafiti alipata nguvu mpya. Mwanafunzi wa kawaida hakupata kitu, sababu mashine haikuwa yake.

Aliyembadilishia hali alikuwa mwalimu wa hisabati. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Cleve Moler wa Chuo Kikuu cha New Mexico alitaka wanafunzi wake wazitumie LINPACK na EISPACK, hazina za hesabu za matriksi, bila kulazimika kuandika Fortran. Akatunga MATLAB. Mwaka 1984 ikawa bidhaa ya kampuni, lakini wazo lake la darasani lilibaki: milinganyo ya Geiger, ikishapangwa katika matriksi, hupatiwa jibu kwa alama moja tu, mkwaju wa kinyume. Tena maandishi yaliyo kwenye skrini yanafanana na yaliyo kitabuni, kwa hiyo anayejua hesabu anaweza kuisoma programu, na anayesoma programu hujifunza hesabu. Sijui kifaa kingine kilichoufupisha hivyo umbali kati ya ubao wa darasani na utafiti.

Miaka iliyofuata ilikwenda mbio: zikaja programu za Octave, NumPy na ObsPy, na sasa mashine zinazoandika programu kwa kuombwa. Matokeo yake ni nukta nyekundu kwenye ramani, bila pembetatu. Inaudhi, kwa sababu programu zenyewe hutoa zaidi ya pembetatu: matriksi ileile inayotoa mahali hutoa pia duaradufu ya mashaka, ikionyesha ni upande gani hatuna uhakika. Hatuichapishi tu. Kibaya zaidi ni kina. Orodha za kimataifa zimejaa matetemeko ya kina cha kilomita 10 kamili, na zile za zamani kilomita 33. Mara nyingi tarakimu hizo hazikupimwa. Zimewekwa na wachambuzi pale data ziliposhindwa kuamua. Mwanafunzi huzichora kana kwamba ni vipimo. Katika Bonde la Ufa, ambako swali kubwa ni kwa nini baadhi ya matetemeko hutokea chini kabisa ya ganda la dunia, kosa hilo linafuta swali lenyewe.

Kuna watakaosema kwamba hakuna anayeweza kuchambua maelfu ya matetemeko kwa bikari. Kweli, na simtaki mwanafunzi afanye hivyo. Nataka afanye matatu kwa mkono, kisha aandike mwenyewe programu ya mistari arobaini hivi ya njia ya Geiger, ndipo apewe programu kubwa. Wengine watasema leseni ya MATLAB ni ghali. Octave, iliyoanzwa na John Eaton mwaka 1992, ni ya bure na huendesha sehemu kubwa ya mistari ileile ya MATLAB. NumPy nayo ni ya bure. Hoja nzito ni ile ya mashine inayoandika yenyewe: ya nini kujifunza? Kwa sababu mashine hiyo itaandika kilomita 10 bila kusita, na asiyewahi kuona kina kikigoma kutulia katika hesabu yake hatakuwa na sababu ya kuishuku.

Wala hatuhitaji kuazima matetemeko ya California. Yale ya Gelai, karibu na Ziwa Natron, yaliwatoa watu wa Nairobi maofisini Julai 2007. Rekodi za vituo vya Kilima Mbogo nchini Kenya na Mbarara nchini Uganda hupatikana bure kwa intaneti, na kati ya vituo hivyo kuna zaidi ya kilomita 700. Mwanafunzi achague tetemeko moja la ukanda huu lililorekodiwa na vyote viwili na asome P na S mwenyewe. Maduara mawili yatakatana mahali pawili, naye atalazimika kutafuta kituo cha tatu, aeleze kwa nini amekichagua hicho, na aandike ukubwa wa pembetatu aliyoipata kando ya jibu lake.