Wasifu wa babu niliouandika vibaya

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki tatu, ndugu zangu. Nilikuwa msibani. Tumemzika babu yangu, baba wa watoto saba na babu wa wajukuu wengi kiasi kwamba siku ya maziko tulijihesabu mara mbili tukapata idadi mbili tofauti.

Ukoo ukiwa na mwandishi wa habari, kazi ya kuandika wasifu wa marehemu haina mjadala. Usiku nikapewa daftari, nikaandika chini ya taa ya sola, haikufika hata saa moja. Mnaujua wasifu wa misibani: marehemu alizaliwa mwaka 1946, alisoma hadi darasa la nne, alikuwa mkulima wa pamba na mfugaji, alianza kuugua, ameacha mjane... Kesho yake nikausoma kwa sauti ya redio, watu wakalia, nami nikajiona nimefanya kazi.

Jioni akanifuata mzee mmoja nisiyemfahamu. Alikuwa ametoka Rwamagasa, Geita, akapitia Kahama, akashukia Tinde na kumalizia kwa bodaboda hadi kijijini kwetu. Mwadila, mwadila, akaketi kwenye gogo.

"Mjukuu wangu, umesoma vizuri. Lakini mbona miaka yake ya machimboni hujaisema?"

Nilidhani amechanganya marehemu. Babu na machimbo? Mwaka 2016, nilipomaliza kidato cha nne, mimi na wenzangu wawili tulipanga kwenda Geita kutafuta maisha. Nilikuwa nimeshakaa ndani ya basi pale Tinde nilipomwona babu akiingia na jasho lake, baiskeli kaiegemeza kwenye mlango. Hakunigombeza. Alichukua begi langu, akashuka nalo, akalifunga kwenye keria. Ningefanya nini? Nikashuka. Tulitembea njia nzima kimya, yeye akisukuma baiskeli. Wanawe wote walilijua onyo lake: atakayekwenda kwenye dhahabu asirudi kumwita baba.

Mzee yule alinisikiliza, akacheka kidogo. Kisha akanihadithia.

Ilikuwa mwaka 1991. Pamba ya babu ilikuwa imekopwa, malipo hayaji, na baba yangu, mtoto wake wa kwanza, alikuwa amefaulu kwenda sekondari. Geita ilikuwa bado wilaya ya Mkoa wa Mwanza. Mwaka mmoja nyuma Benki Kuu ilikuwa imeanza kununua dhahabu kwa wachimbaji wadogo, na watu walimiminika kutoka kila kona. Babu aliaga kwamba anakwenda kuangalia ng'ombe kwa mjomba wake. Alikwenda Rwamagasa. Akafanya hivyo kila kiangazi hadi mwaka 1994, mvua zikikaribia anarudi shambani.

Hakuwa na mapafu ya kushuka kwenye duara, alisema mzee. Kwa hiyo alitwanga mawe, akaosha, na baadaye akaaminiwa kazi ya kuchoma. Kwa msiojua: unga wa mawe ulioshwa huchanganywa na zebaki, zebaki inashika dhahabu, unakamua kwa kitambaa, kinabaki kidonge cheupe. Kidonge hicho kinawekwa motoni. Zebaki inapaa kama moshi, dhahabu inabaki. Babu alikuwa anachuchumaa mbele ya moto huo na kikaango, mdomo na pua wazi.

Hapo ndipo nilipoacha kumsikia mzee, nikaanza kuiona mikono ya babu.

Tangu nikiwa mdogo, bibi alimmiminia babu chai nusu kikombe. Akijaza, inamwagika. Sisi wajukuu tuligombania zamu ya kumshikia kikombe, kwa sababu mshikaji hupewa tone la mwisho lenye sukari. Tulisema ni uzee. Lakini nikipiga hesabu sasa, wakati huo babu alikuwa hajafika hata miaka 60!

Na mimi nimeandika habari za zebaki mara tatu gazetini. Niliandika kwamba Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Niliandika kwamba mwanzoni mwa miaka ya 2000 mradi wa Umoja wa Mataifa ulikwenda Rwamagasa hiyo hiyo kuwapima wachimbaji, na kwamba mvuke wake ukivutwa kwa muda mrefu hutetemesha mikono. Nimewauliza maswali watu nisiowajua hadi wakanichoka. Habari ya pili niliiandikia kijijini, likizo ya Krismasi, nikiwa nimekaa kando ya babu, na kati ya aya na aya nikimshikia kikombe.

Mikono ya mzee hutetemeka kwa mengi, na babu hakuwahi kupimwa. Lakini kuuliza hakukuwa na gharama.

Usiku ule nilimfuata baba. Alikaa kimya muda mrefu. Alijua tangu akiwa kidato cha pili, na babu alimwapisha asiseme. Nikamwambia arobaini inakuja, nataka nisome wasifu upya. Akakataa. Anasema kiapo ni kiapo, na vijana wa pale kijijini wakisikia, kesho asubuhi wote wako Tinde wanasubiri basi. "Wewe utawafuata na baiskeli?" aliniuliza. Sikuwa na jibu.

Sentensi yenyewe nimeshaiandika, iko kwenye daftari lile lile: Kuanzia mwaka 1991 hadi 1994, kila kiangazi, alifanya kazi ya dhahabu Rwamagasa, Geita, ili alipe ada ya mtoto wake. Bibi amelifungia daftari kwenye sanduku lake. Baba bado hajakubali.