Havana: Mji wa malkia wa densi aliyecheza gizani

MGENI afikapo Havana, mji mkuu wa Cuba, hakosi kupita kando ya bustani iitwayo Parque Central. Hapo ndipo lilipo jengo kubwa la mawe, lenye minara pembeni na sanamu za marumaru nyeupe. Hilo ni jumba la michezo ya kuigiza na densi, ambalo mwaka wa 2015 lilipewa jina la mwanamke mmoja: Alicia Alonso.

Alicia alizaliwa mjini humo mwaka wa 1920. Tangu utotoni alipenda baleti, ile densi ya kusimama kwa ncha za vidole vya miguu. Lakini hujafa hujaumbika. Mnamo 1941, akiwa na miaka 20 tu, macho yake yalianza kufifia. Madaktari walimpasua mara tatu, kisha wakamwamuru alale muda mrefu bila kutikisa kichwa.

Je, msomaji, wewe ungefanya nini? Alicia alicheza kwa vidole vya mikono. Mumewe, Fernando, aliketi kitandani pake wakirudia hatua za 'Giselle', kisa cha msichana wa kijijini anayekufa kwa uchungu wa mapenzi, hadi akazihifadhi zote.

Novemba 2, 1943, jijini New York, mchezaji mkuu wa 'Giselle' aliugua. Alicia akaingia jukwaani mahali pake, na jina lake likavuma. Macho hayakupona. Alifuata taa kali zilizowekwa jukwaani na mkono wa mwenzake. Hata hivyo, alicheza hadi akapita umri wa miaka 70.

Hakutosheka na sifa za ugenini. Mwaka wa 1948 alianzisha kundi lake Havana. Baada ya mapinduzi ya 1959 serikali ilibeba gharama, na watoto wa maskini wakafunzwa bure densi iliyodhaniwa kuwa ya matajiri. Mmojawao, Carlos Acosta, mwana wa dereva wa lori, alikuja kuwa nyota wa Royal Ballet ya London.

Alicia alifariki Oktoba 17, 2019, akiwa na miaka 98. Mwili wake ulilazwa katika jumba hilo hilo ili wananchi wamuage.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Alicia, asiyeona, aliwaambia wenye macho watazame, nao wakatazama. Mzazi uliyemficha mwanao mlemavu chumbani, umewahi kumuuliza anapenda nini?